Barua ya wazi kwa waajiri: Tuulizeni kabla hatujaondoka

Kwa waajiri, wakuu wa idara, maofisa rasilimali watu, na ninyi mnaotunga sheria za kazi.

Yah: Kurudi kazini baada ya kujifungua

Waheshimiwa,

Ninawaandikia mimba yangu ikiwa na wiki 31. Likizo yangu ya uzazi itaanza baada ya wiki 5, na tangu mwezi uliopita nimeulizwa maswali mengi kazini: nitajifungua lini, ninatarajia mtoto wa kike au wa kiume, nani atashika kazi zangu, na nimefika wapi na ripoti ya robo mwaka. Swali ambalo sijaulizwa na yeyote mwenye mamlaka ni nitarudi vipi. Sisemi nitarudi lini, kwa maana tarehe hiyo imo katika fomu niliyoijaza na kuisaini. Ninasema nitarudi vipi: kwenye kazi gani, kwa saa zipi, mwili wangu ukiwa katika hali gani, na mtoto akiwa ameachwa mikononi mwa nani. Barua hii inahusu swali hilo, na ninaiandika kabla sijajifungua kwa sababu nilijifunza kwa mtoto wangu wa kwanza kwamba likisubiri hadi siku ya kurudi, linakuwa limeshajibiwa na watu wengine.

Wengi mnadhani kwamba wasiwasi wa mama juu ya kazi huanza siku anaporejea ofisini akiwa na macho mekundu kwa kukosa usingizi. Huanza mapema mno kuliko hapo. Huanza siku anapojua kuwa ni mjamzito na, kabla furaha haijatulia moyoni, anajikuta akihesabu miezi kwa vidole ili aone kama mkataba wake utakwisha kabla au baada ya kujifungua. Wapo wanaoficha mimba hadi nguo zikatae kuificha. Mimi mwenyewe niliificha ile ya kwanza kwa miezi 5: nilikuwa nikitoka mkutanoni kwa hatua za kawaida, nikifika chooni nafungua bomba ili maji yafunike sauti ya kutapika, nanawa uso, kisha narudi kitini na kuendelea kuandika kumbukumbu za kikao kana kwamba hakuna lililotokea. Hakuna aliyekuwa amenitishia kazi. Ila sikuwahi kumsikia mtu yeyote pale akieleza waziwazi mwanamke anayekwenda kujifungua anarudi kwenye nini, na penye ukimya wa namna hiyo kila mtu hujijazia hofu zake mwenyewe.

Naomba nizieleze hisia hizi kama zilivyo, kwa kuwa zinapotajwa mbele yenu mara nyingi hupunguzwa zikawa kitu kimoja tu, yaani huzuni ya kumwacha mtoto. Huzuni hiyo ipo, na ni kubwa, lakini imechanganyika na mengine yanayovutana nayo. Kuna hofu ya kupitwa na kazi, ya kukuta utaratibu mpya ambao wenzangu wote wameshauzoea na mimi ndiye mgeni. Kuna hofu ya kuonekana mtegaji nitakapoomba ruhusa kwa sababu mtoto ameamka na homa. Kuna wivu, naam, wivu wa kuwaza kwamba mtu mwingine ndiye atakayemwona mwanangu akigeuka kifudifudi kwa mara ya kwanza. Kuna hesabu za fedha zisizokubali kukaa sawa. Na kuna jambo ambalo wengi wetu huona aibu kulitamka, nalo ni hamu ya kurudi. Ninaipenda kazi yangu. Zilikuwepo asubuhi nyingi katika likizo ile ya kwanza nilipotamani kuketi na watu wazima, nimalize sentensi moja bila kukatizwa, nifikirie tatizo lenye jibu. Kila nilipotamani hivyo moyo ulinisuta, nikajiona mama mbaya. Na niliporudi kazini nikawa namuwaza mtoto, nilijiona mfanyakazi mbaya. Mama mjamzito huyaona yote mawili yakimjia kwa mbali, wala hana wa kumwambia, kwa sababu nyumbani akisema anatamani kurudi kazini ataulizwa kama hampendi mwanawe, na kazini akisema anaogopa kurudi ataambiwa basi abaki nyumbani.

Wahenga walisema kulea mimba si kazi, kazi ni kulea mwana. Sibishani nao kuhusu uzito wa kulea. Ninachoongeza ni kwamba kwa mwanamke aliyeajiriwa kazi hizo mbili hukutana na ya tatu, na hiyo ya tatu ndiyo pekee ambayo masharti yake mmeyaandika ninyi.

Tazameni hesabu yenyewe. Mkataba Na. 183 wa Shirika la Kazi Duniani, uliopitishwa mwaka 2000, unaweka likizo ya uzazi isiyopungua wiki 14, na Pendekezo Na. 191 lililoambatana nao linazihimiza nchi zifikie angalau wiki 18. Shirika la Afya Duniani, kwa upande wake, linashauri mtoto anyonyeshwe maziwa ya mama pekee kwa miezi 6 ya mwanzo, bila hata maji, kisha aendelee kunyonya huku akila vyakula vingine hadi afike miaka 2 au zaidi. Miezi 6 ni wiki 26. Mkataba wangu wa ajira unanipa wiki 14, nami nitaanza likizo wiki 4 kabla ya tarehe ya matarajio kwa sababu miguu inavimba na nimeagizwa kliniki nipumzike. Siku ya kurudi, basi, mtoto atakuwa na wiki 10, au 9 endapo atachelewa kuzaliwa kwa wiki moja. Nimeihesabu hesabu hii mara nyingi usiku, kalenda ya simu ikiwa wazi mbele ya uso wangu, kidole kikienda na kurudi juu ya wiki zile zile, na kila mara ninaishia pale pale: kati ya siku nitakayokaa tena mezani kwangu na siku ambayo wataalamu wanasema mwanangu anaweza kuanza kula kitu kingine, kuna wiki 16. Hakuna bidii wala moyo wa kujituma utakaoziondoa wiki hizo. Zitapita kwa namna moja au nyingine, na namna hiyo itaamuliwa na mambo madogo madogo ambayo karibu yote yamo katika uwezo wenu.

Mniwie radhi nikae kidogo kwenye suala la maziwa, maana hapo ndipo watu wengi wenye mamlaka huinamisha macho na kutaka mazungumzo yaishe haraka. Maziwa ya mama hutengenezwa kwa kadiri yanavyotolewa. Mtoto anyonyapo, au mama akamuapo, mwili hupata taarifa kwamba maziwa yanahitajika na hutengeneza mengine. Yakiachwa yakae kwa saa nyingi, mwili huelewa kwamba hayahitajiki na huanza kuyapunguza. Wala hayakai kwa amani. Titi hujaa likawa gumu kama jiwe, mirija huziba, na mama asipopata nafuu anaweza kupata maambukizi ya titi yenye homa na baridi ya kutetemesha. Ndiyo maana anayeachana na mtoto mchanga kwa siku nzima ya kazi huhitaji kukamua takriban kila baada ya saa 3, kwa dakika 15 hadi 20, mahali safi na pa faragha. Maziwa aliyoyakamua yanaweza kukaa katika joto la kawaida la chumba kwa takriban saa 4, na ndani ya jokofu hadi siku 4. Mahitaji yote ndiyo hayo: chumba chenye mlango unaofungika kwa ndani, kiti, soketi ya umeme, maji ya kunawa, nafasi kidogo kwenye jokofu, na dakika zisizohesabiwa kuwa utoro. Nimewahi kuona ofisi ikitumia muda mwingi zaidi kujadili rangi ya mapazia.

Mimi nilikamulia stoo. Mlango wake haukuwa na komeo, hivyo nilikuwa nikikaa juu ya boksi la karatasi na kuegemeza mgongo kwenye mlango ili asiingie mtu. Siku moja mwenzangu aliyekuwa akitafuta wino wa printa alisukuma mlango kwa nguvu akidhani umekwama. Niliruka, chupa ikanitoka mkononi, nikasimama nikitazama maziwa yakisambaa sakafuni na kupenya chini ya maboksi. Yalikuwa maziwa ya nusu siku. Yule mwenzangu aliomba radhi sana, akatoka akiwa amegeuza uso. Nilifungua boksi nililokuwa nimelikalia, nikatoa karatasi za kuchapia, nikapiga magoti na kufuta chakula cha mwanangu. Baada ya hapo nilianza kuruka zamu za kukamua, kwanza ile ya saa nne asubuhi, kisha ya mchana, na haukupita mwezi maziwa yakawa yamepungua kiasi kwamba mtoto alikuwa akivuta na kulia. Alikuwa na miezi 4. Miaka kadhaa baadaye nilikuja kusoma kwamba mwaka 1919, katika mkutano wake wa kwanza kabisa uliofanyika Washington, Shirika la Kazi Duniani lilipitisha Mkataba Na. 3 uliompa mama anayenyonyesha vipindi 2 vya nusu saa kila siku ndani ya muda wa kazi. Mkataba wa mwaka 2000 umeongeza kwamba muda huo uhesabiwe kuwa muda wa kazi na ulipwe. Zaidi ya miaka 100 imepita tangu jambo hilo liandikwe, na bado wapo kina mama wanaoegemea milango ya stoo wakati mnaposoma barua hii.

Pamoja na hayo, stoo haikuniumiza kama lilivyoniumiza jambo jingine ambalo lilifanywa kwa nia njema kabisa. Nilirudi nikakuta mradi niliouanzisha na kuusimamia kwa miaka 2 umekabidhiwa kwa mwenzangu, tena kwa kudumu. Bosi wangu alinieleza kwa upole wa kweli: "Tuliona utakuwa na mengi nyumbani, hatukutaka kukulemea." Ninamwamini. Walikaa, wakaifikiria hali yangu, wakanionea huruma, wakaamua, na katika kikao hicho mtu pekee ambaye hakuwepo ni mimi. Simu ya dakika 10 ingetosha. Ningewaambia kwamba safari za mbali sitaziweza kwa miezi kadhaa, lakini mradi ninauweza na ninautaka, na kwamba ndio uliokuwa ukinitia moyo kila nilipofikiria kurudi. Mwenzangu wa idara nyingine, aliyejifungua karibu wakati mmoja nami, alikumbana na kinyume chake. Mkuu wake hakutaka aonekane anabaguliwa, hivyo alimrudishia zigo lote siku ile ile ya kwanza, safari zikiwemo, na hali yeye alikuwa amejifungua kwa upasuaji na mshono wake ulikuwa umepata maambukizi. Alikuwa akipanda ngazi ameshika ukuta. Mimi nilinyang'anywa nisichotaka kuachia, yeye akatwishwa asichoweza kubeba, na waliotutendea hivyo wote wawili waliamini wanatenda haki. Kilichokosekana kwa wote wawili ni mtu wa kutuuliza.

Najua mtaniambia sheria zipo. Mkataba Na. 183 unakataza kumwachisha mwanamke kazi kwa sababu ya ujauzito, kujifungua au kunyonyesha, unamtaka mwajiri ndiye athibitishe kwamba sababu ilikuwa nyingine, na unampa mama haki ya kurudi kwenye nafasi ile ile au inayolingana nayo kwa mshahara ule ule. Hayo ni makubwa na waliyoyapigania nawaheshimu. Lakini cheo na mshahara vinaweza kubaki vilivyo huku kazi yenyewe ikiyeyuka. Claudia Goldin, mwanauchumi wa Marekani, alipewa Tuzo ya Nobel ya Uchumi mwaka 2023 kwa utafiti wake kuhusu wanawake katika soko la ajira, na moja ya mambo aliyoyaonyesha ni kwamba sehemu kubwa ya tofauti ya kipato kati ya wanaume na wanawake wanaofanya kazi ya aina moja hujitokeza baada ya mtoto wa kwanza kuzaliwa. Mimi si mchumi, ila najua kwa macho yangu jinsi tofauti hiyo inavyoanza. Inaanza na mradi mmoja uliohamishwa, safari moja ambayo mtu hakuulizwa kama ataiweza, mafunzo yaliyofanyika akiwa likizo na hayakurudiwa, na tathmini ya mwaka inayompa alama za wastani kwa sababu miezi aliyokuwa akinyonyesha imehesabiwa kana kwamba alikuwepo na hakufanya lolote.

Kuna upande wa afya ambao hauonekani kwenye mshono. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba duniani kote takriban asilimia 10 ya wajawazito na asilimia 13 ya wanawake waliotoka kujifungua hupata tatizo la afya ya akili, hasa sonona. Sisemi kwamba ofisi ndiyo inayowasababishia, kwa maana vyanzo vyake ni vingi na vingine viko mwilini. Ninasema kwamba ninyi mnamwona mama huyu saa 8 kwa siku, pengine kuliko mtu mwingine yeyote mzima, na mnaweza kuwa wa kwanza kugundua. Machozi ya siku za mwanzo baada ya kujifungua huwapata wengi na kwa kawaida hayazidi wiki 2. Lakini mama ambaye miezi 3 baadaye hapati usingizi hata mtoto anapolala, ambaye hafurahii chochote, ambaye anasema mtoto angekuwa na nafuu bila yeye, anahitaji kupelekwa kwa mtaalamu siku hiyo hiyo. Msimwambie kwamba ni uchovu tu.

Na wapo wanaokwenda likizo ya uzazi wakarudi bila mtoto. Ninaliandika hili mkono ukiwa juu ya tumbo langu, na si rahisi. Nilimwona mmoja akirudi, na watu watatu walimkimbilia kwa furaha getini kumuuliza mtoto hajambo, kwa sababu hakuna aliyekuwa amepewa jukumu la kuwaambia. Kumteua mtu mmoja wa kuwasiliana na mama akiwa likizoni, mtu ambaye mama mwenyewe amemchagua, hakugharimu chochote, na kungemwepusha mwanamke yule na kulisema jambo lile mara tatu kabla hajafika mezani kwake.

Ombi langu basi ni hili. Kabla mjamzito hajaanza likizo, mkuu wake aketi naye kwa saa moja, waandike ukurasa mmoja na wote wawili wausaini. Ukurasa huo useme ni kazi zipi atazikuta atakaporudi na zipi zinashikwa na nani kwa muda gani, ili anayezishika naye ajue kwamba anazishikilia kwa niaba ya mwenzake. Useme kama angependa kupigiwa simu akiwa likizoni au aachwe apumzike, na nani apige. Useme atakamulia wapi na saa ngapi, na chumba hicho kiwe kimeshatengwa, siyo kianze kutafutwa siku anayofika na mfuko wake wa chupa mkononi. Useme wiki za mwanzo zitakuwaje, iwapo anaweza kuanza kwa siku 3 kwa juma au kwa nusu siku, au kwa kufanyia kazi nyumbani pale ambapo aina ya kazi inaruhusu. Na kwa wale wa zamu, yaani wauguzi, walinzi, wafanyakazi wa viwandani, useme kwamba hatapangiwa usiku hadi lini. Kisha uachwe wazi kubadilishwa, kwa kuwa hakuna mwanamke anayejua akiwa na mimba ya miezi 8 atajifungua kwa njia gani, mtoto atakuwa wa namna gani, wala moyo wake utasema nini. Mimi leo nadhani nitataka kurudi kwenye mradi wangu wote. Huenda nikabadili mawazo, na ningependa kubadili mawazo hayo mbele ya mtu anayesikiliza.

Wapo kati yenu watakaosema kwamba haya yote ni gharama. Sehemu ya gharama hiyo ni ya kweli, na haipaswi kumwangukia mwajiri mmoja mmoja, hasa mwenye wafanyakazi wachache. Ndiyo maana mkataba ule wa mwaka 2000 unaelekeza kwamba malipo ya likizo ya uzazi yatoke kwenye bima ya lazima ya jamii au fedha za umma, na yasipungue theluthi 2 za mshahara wa mama pale yanapokokotolewa kwa kufuata mshahara. Watunga sheria, hapo ndipo penye kazi yenu. Mwajiri anayejua kwamba kila mwanamke kijana anayemwajiri anaweza kuwa deni lake yeye peke yake, atamwajiri mwanamume na kutafuta sababu nyingine ya kuieleza kamati. Gharama nyingine hulipwa na wafanyakazi wenzetu, na hili halizungumzwi vya kutosha. Mama anapoondoka bila kuajiriwa mtu wa kushika nafasi yake kwa muda, kazi zake hugawanywa kwa watu 2 au 3 ambao walikuwa tayari na za kwao. Wanachoka, na uchovu wao hawamdai mwajiri aliyeokoa mshahara. Wanamdai yule mama. Nilirudi nikapokelewa kwa tabasamu zilizokuwa na uchungu ndani yake, na nilielewa. Msitugombanishe kwa kubana matumizi.

Haki hizi, tena, zisiishie kwa sisi wenye vitambulisho vya ofisi. Mkataba Na. 183 unawahusu wanawake wote walioajiriwa, wakiwemo wale wa ajira zisizo za kawaida. Mimi nitaweza kurudi kazini kwa sababu kuna mwanamke mwingine atakayemshika mwanangu, na yule aliyenisaidia kumlea wa kwanza alikuwa amemwacha wa kwake kwa bibi yake akiwa hajafikisha mwaka. Mimi ni mwajiri pia, mbele yake. Nilimuuliza mambo mengi siku ninamwajiri, lakini nilichelewa mno kumuuliza hilo, na ninalijutia. Kwa hiyo ninapowaandikia ninyi najiandikia na mimi.

Kuhusu kina baba nitasema machache. Baba anayepewa siku 3 za kumwona mtoto kisha akatakiwa kurudi hufunzwa na mwajiri wake kwamba malezi si shughuli yake, na mwajiri wa mama ndiye anayekuja kulipa pengo hilo kila mtoto anapougua. Mume wangu angependa naye aulizwe.

Fomu yangu iko kwa ofisa rasilimali watu tangu juma lililopita. Ina tarehe ya kuondoka na tarehe ya kurudi, na chini ya tarehe hizo kuna mstari mmoja mfupi ulioandikwa "Maoni". Nimebana mwandiko ili utoshe hapo: "Naomba tukae tuzungumze kabla sijaondoka." Bado nipo kwa wiki 5, na siku yoyote itanifaa.

Wenu katika kazi,

Mfanyakazi mwenzenu, mama wa mtoto mmoja na wa pili aliye njiani.